Pikapu Tatu na Mama Mkwe Mmoja

Mwaka nilipoamua kununua pikapu nilikuwa nimekwisha kuacha kufundisha. Nilinunua mpunga Lusangi, nikaukoboa na kuuza mchele Kasongo sokoni. Mizigo ilikuja kwa pikipiki za kukodi, gunia mbili mbili, au kwa baiskeli zilizosukumwa kwa miguu tangu alfajiri. Leo zinafika gunia mbili, kesho kutwa moja, nalo limelowa. Mtu aliyesahihisha madaftari miaka ishirini na miwili hapendi kazi ya namna hiyo, na mimi nilikuwa nimeanza kugombana na watu wasio na kosa.

Basi nikaanza kulinganisha magari jinsi ninavyolinganisha kila kitu, yaani polepole na kwa kuudhi watu. Nilitaka kujua mambo matatu: bei, uwezo wa kubeba, na namna gari linavyokaa mkononi siku za kawaida, ukienda sokoni na kurudi, si siku ile muuzaji anapokuonyesha. Niliuliza maswali hayohayo kwa kila mtu aliyewahi kushika usukani. Wengine walinikwepa wakiniona naja. Pikapu za kuuzwa Kasongo hazikuwa nyingi, na baada ya wiki sita zilibaki tatu.

Jambo la nne niliambiwa na mke wangu, jioni moja tukichambua maharage.

"Baba, hii mutuka yako, mama atakaa wapi?"

Mama yake, mama mkwe wangu, aliishi Wamaza, upande wa Kabambare, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho kwa zaidi ya miaka kumi. Mwanzo alikosea njia ya kisimani. Baadaye akawa anapanda karanga kwa kupapasa, na ndugu zake wakawa wanapanda upya nyuma yake bila kumwambia. Sasa tulikuwa tumesikia kwamba waganga wa macho watakuja katika hospitali ya Kasongo wakati wa kiangazi na kukaa majuma machache. Mke wangu aliamua kwamba mama yake atakuwapo. Hakuwa ameniuliza, na alikuwa na haki ya kutoniuliza.

Wamaza watu huenda kwa pikipiki au kwa miguu. Pikipiki mama mkwe alikuwa ameijaribu mara moja. Alishuka kabla ya kijiji cha pili, akasema hataki kufa akiwa amemkumbatia kijana asiyemjua, akarudi kwao ameshika ncha ya fimbo iliyovutwa na mpita njia. Kwa hiyo ikiwa macho yale yangepona, yangepona kwa sababu ya gari, na gari lilikuwa langu kulichagua.

"Atakaa mbele," nilimjibu mke wangu.

"Mbele na nani?"

"Na weye. Na miye naendesha."

Mke wangu aliacha maharage akanitazama. Hapo nikaelewa nilichokuwa nimesema.

Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, wala yeye hamtazami. Hawali pamoja, hawakai kwenye mkeka mmoja, hawagusani hata kwa nguo. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini na kugeuka mpaka mwingine apite. Si uadui, ni heshima, na wakwe wanaoishika vizuri husifiwa. Mimi na mama mkwe tuliishika vizuri sana. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa nilimjua kwa sauti na kwa miguu. Miguu yake ningeitambua katikati ya soko. Tulipohitaji kusemezana tulimpitishia mtu wa tatu, na kama hakuna mtu wa tatu tulitumia chochote kilichokuwapo. Siku moja tulibaki wawili uani kwake, kila mmoja amemgeuzia mwenzake mgongo, naye akamwambia kuku kwamba mvua inakuja na shati la mtu fulani liko kwenye kamba. Nikamjibu kuku kwamba nimesikia.

Pikapu ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya kabini moja. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Kivu, mtu wa swala tano. Nilimngoja nje ya msikiti Ijumaa moja mpaka nikajua viatu vyote vilivyokuwa mlangoni.

"Papa Mwalimu, hii haina maneno," alisema akiipiga kofi ubavuni. "Unaipatia tani moja, inabeba. Unaongeza watu kumi juu, inabeba na hao."

Hakusema uongo. Tuliipeleka Lusangi tukaipakia gunia kumi na nne, na ilipanda kile kilima chenye mifereji bila kulalamika. Ikiwa tupu iliruka sana, mpaka nilijiuma ulimi, lakini nani hununua pikapu ili aiendeshe tupu? Bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Sanduku la nyuma lilikuwa refu, springi nene, na chini ya boneti hakukuwa na kitu ambacho fundi wa Kasongo hakukijua. Kwa mambo yangu matatu, mimi ningeinunua siku ileile na kwenda nyumbani kula.

Lakini kiti kilikuwa kimoja, kirefu, cha watu watatu wanaopendana. Mama mkwe angekuwa begani kwangu, au mke wangu angekaa katikati na mkono wa gia magotini kwake, na sote watatu tungekuwa kwenye kiti kimoja siku mbili za njia. Mkeka ni mkeka hata ukiwa na springi. Mjomba wa mke wangu, aliyekuja kuongezea akili, alisema mama awekewe godoro nyuma, kwenye sanduku.

"Mama yangu si gunia ya mupunga," mke wangu alimjibu, na mjomba akakumbuka kwamba ana safari.

Mimi nilitoa wazo jingine: tukodi dereva. Yeye angeendesha, mama na binti wangekaa naye mbele, na mimi ningekaa nyuma juu ya mizigo. Nililieleza vizuri, kwa vipengele. Nilipofika mwisho nilijiona mwenyewe, nimenunua gari kwa jasho langu lote, nimekaa nje kwenye vumbi huku mtu wa kukodi ameshika usukani wangu. Nikaacha wazo hilo kabla mke wangu hajacheka. Alicheka hata hivyo.

Pikapu ya pili ilikuwa na kile muuzaji alichokiita kabini moja na nusu. Ilikuwa changa kuliko zote. Ndani ilinukia plastiki mpya, ilikuwa na kioo cha kuonyesha mambo kama televisheni ndogo, na upepo baridi ulitoka kwenye matundu, ambao unaupunguza au kuuzidisha kwa kidole. Usukani wake ulizunguka kwa mkono mmoja. Niliizungusha sokoni kati ya pikipiki na wauza mawese, nikakiri kwamba sijawahi kuendesha kitu chepesi hivyo. Ilibeba gunia kumi na moja. Bei ilikuwa ya ile nyeupe na nusu yake juu. Nyuma ya viti viwili vya mbele kulikuwa na benchi dogo, na mimi, kwa kupenda hesabu, niliona jibu limejileta lenyewe: bei ya katikati, mzigo wa katikati, na mama mkwe ana mahali pake. Nilimleta mke wangu aone.

Hakuangalia televisheni. Aliingia nyuma, akakaa kwenye lile benchi, akaniambia nikae kwenye kiti cha dereva. Nikakaa. Mara nikahisi vitu viwili vigumu vikinisukuma mgongoni kupitia kiti.

"Unasikia?" aliuliza.

"Nasikia. Ni nini?"

"Magoti."

Muuzaji, kijana mstaarabu, alidhani tunajadili bei akasogea pembeni.

"Sasa yawaze magoti ya mama," mke wangu alisema, "toka Wamaza mpaka Kasongo."

Niliyawaza. Nikazima ule upepo baridi nikamrudishia kijana ufunguo wake.

Ikabaki ya tatu, ya kijivu, ya kabini mbili kamili: milango minne, viti vya nyuma vya watu wazima. Ilikuwa imetumiwa na mradi fulani uliofungwa, na milangoni kulikuwa na alama za karatasi zilizobanduliwa vibaya. Ilikuwa kuukuu, na bado iliuzwa ghali kuliko ile changa, kwa sababu kila mwenye familia kubwa aliitaka. Ilikunywa mazutu, yaani dizeli, bila aibu. Usukani ulikuwa mzito, na kuigeuza mbele ya soko kulikuwa kazi ya kuvua shati. Na kwa kuwa kabini ilikuwa ndefu, sanduku lilikuwa fupi. Nilipima kwa kamba, nikapima tena, na kila mara lilichukua gunia tisa. Gunia tano chini ya ile nyeupe, kila safari, maisha yote ya gari.

Nilimpeleka fundi wangu aiangalie. Alilala chini yake kwa muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia, kisha akatoka akijifuta mikono.

"Mwalimu, hii ni mukubwa kwa umri. Lakini hii, hata ikikufa, itakufa karibu na mutu anaijua."

Nilimuuliza kama ingekuwa yeye angenunua ipi. Alisema angenunua ile nyeupe, maana mama mkwe wake alikwisha kufariki. Nikanunua ya kijivu. Sitasema nilifanya hivyo kwa moyo mkunjufu. Niliumia kwa zile gunia tano, na mpaka leo siku za soko huwa naumia kidogo.

Kiangazi kilipoingia, mimi na mke wangu tulikwenda. Kasongo hadi Kabambare njia inapitika ukiwa na subira, na baada ya hapo inakuwa njia ya pikipiki ambayo gari linaazima. Pikapu ilifanya kazi yake. Uzito niliokuwa nikiulaani mjini uliishikilia kwenye mchanga, na usukani mgumu haukurukaruka mikononi tulipopita kwenye mifereji. Tulisimama mara nyingi kuweka magogo. Hatukufika Wamaza kwenyewe. Tulikomea kwenye kijito ambacho daraja lake ni miti mitatu, na mke wangu akavuka kwa miguu kwenda kumchukua mama yake.

Nilingoja nusu siku. Walimleta kwa kipoyi, kile kiti cha kubebea wagonjwa, vijana wanne wakivuka maji hadi mapajani huku mama mkwe akiwaamuru kutoka juu kwa sauti ninayoifahamu. Nilikwenda nyuma ya gari nikageukia msitu. Nilisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, mifuko ikiingizwa, kuku mmoja akilalamika, mlango ukifungwa. Mke wangu akaniita. Nikaenda mbele, macho chini, nikakaa, nikawasha. Kisha nikainua macho kutazama nyuma kwenye kioo kabla ya kugeuza gari, kama kila dereva anavyofanya.

Alikuwa ndani ya kioo. Uso wote, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kidevu.

Ulikuwa mdogo kuliko sauti yake. Ulikuwa na mikunjo mizuri na pua ya mke wangu, pua ileile, nami sikuwa nimejua hata siku moja ilitoka wapi. Macho yalikuwa meupe, yamenielekea moja kwa moja, na hayakuniona. Nilipaswa kutazama pembeni mara moja. Nilichelewa. Sijui ni kwa muda gani, pengine pumzi mbili, lakini niliona haya kama mtu aliyekamatwa akichungulia, na kilichonitia haya zaidi ni kwamba hapakuwa na wa kunikamata. Nilikuwa nimelinganisha bei, gunia, mazutu, springi na magoti. Mimi, fundi, mjomba, mke wangu, hakuna aliyefikiria kile kipande cha kioo.

Nilinyanyua mkono nikakielekeza kwenye paa.

"Unafanya nini?" mke wangu aliuliza.

"Jua linanipiga."

Hapakuwa na jua. Alitazama kioo, akatazama paa, kisha akatazama njia.

Niliendesha siku mbili bila kujua kilicho nyuma yangu isipokuwa kwa vioo vya pembeni, ambavyo kimoja kilikuwa na ufa. Tulilala Kabambare, wao kwa ndugu, mimi ndani ya gari. Njiani mama mkwe aliongea na gari. Aliliambia lipite polepole kwa kuwa mifupa yake hairudi dukani. Aliliambia lina harufu nzuri kuliko alivyodhani. Mara moja aliliuliza kama limekula, na mke wangu akanipa ndizi.

Hospitalini sikuweza kuingia alikokuwa. Nilikaa nje kwenye ukuta mfupi pamoja na wachimbaji wawili waliotoka mbali, mmoja macho yake yaliingiwa na vumbi la mwamba. Daktari alimwambia mke wangu kwamba jicho la kushoto limechelewa sana na hataligusa, na la kulia atalijaribu, lakini mama ni mzee, hawezi kuahidi. Mke wangu alinieleza hayo kwa sauti ya kawaida, kisha akakunja kona ya kikwembe, kitenge chake cha kujifunga, na kuikunjua, akaikunja tena. Nilijua anaogopa. Mimi pia niliogopa, na niliogopa kwa ajili ya uso niliouona, jambo ambalo sikuweza kumwambia mtu.

Siku waliyoondoa bandeji, mke wangu alitoka akitembea haraka.

"Ameona," alisema.

"Ameona nini?"

"Vidole ya daktari. Amevihesabu vyote. Kisha ameniangalia, amesema kikwembe yangu haikufuliwa vizuri."

Akaanza kulia, pale pale ukutani, mbele ya wachimbaji. Nilimshika mkono. Nami nilifurahi kupita nilivyotarajia.

Mama mkwe alikaa kwetu wiki tatu, upande wa nyumba ambao mimi sikupita. Kisha akasema anataka kwenda kuona karanga zake, maana amesikia watu humpandia ovyo. Tukaondoka asubuhi, yeye nyuma upande wa kulia, mke wangu mbele, kioo kikiwa bado kinatazama paa. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa na wasiwasi. Mara ya kwanza ni mimi tu niliyeweza kuvunja heshima. Sasa tulikuwa wawili. Niliwaza kila anachoweza kuona kutoka pale alipokaa. Sikugeuza shingo hata kutazama watoto waliokuwa wakipunga mikono.

Tulipita Lusangi. Kwa vile alivyokuwa kimya nilijua anatazama nje, mashamba, watu, bati mpya za kanisa, kila kitu. Baadaye kidogo nikahisi hatazami nje tena. Kisha akasema, si kwa gari safari hii, bali kwa binti yake.

"Mama, huyu mwenye kuendesha, kichwa yake ya nyuma yote iko imvi."

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Iko miaka sasa. Nane, tisa."

Gari lilishuka bonde na kupanda upande wa pili, na nilibadilisha gia mara tatu kabla hajasema tena.

"Na miye nilibakia nawaza ni kijana," alisema. "Kila siku nilikuwa naomba Mungu juu ya ule kijana."

Mimi sikuwa na ruhusa ya kujibu. Nilishika usukani kwa mikono miwili, nikaegemea mbele kidogo na kunyoosha shingo, ili aone vizuri.